Jiwe la Panga na Jiwe la Wembe

Wajukuu, sogeeni hapa, na wewe mdogo pita mbele upate kuona. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu, toka Nyanga mpaka Muleba, zina jiwe lililosahauliwa. Utalikuta limeegemea ukuta wa jiko, au linazuia mlango, au kuku wanakunywa maji katika bonde lake. Bonde hilo hakulichonga mtu. Ni panga na visu vilivyopita juu yake kila kulipokucha, mpaka jiwe likalika.

Ile miamba inayosimama juu ya mji wa Bukoba na kando ya Ziwa Victoria ni mchanga ulioshindiliwa na kugandamana zama za kale mno. Wanajiolojia wameupa mwamba huo jina la mji wetu. Chembe zake ni ngumu, nazo zikipita kwenye chuma hukikwangua. Na chuma hakikuanza jana hapa. Wazee wa Katuruka, kule Maruku, walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliagiza wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, na walionyesha mti wa Kaiija kuwa ndipo chuma hicho kilipofuliwa. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt akafuata masimulizi hayo, akachimba, akakuta mabaki ya kazi ya chuma. Makaa yake yalipopimwa, yalionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Mimi huwaambia watu: msidharau hadithi za wazee, zina anwani ndani yake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Jiwe linalonoa panga haliwezi kumalizia wembe. Chembe huitwa mchanga ikiwa upana wake haupungui sehemu moja ya kumi na sita ya milimita, na huo ni karibu unene wa unywele. Wembe wenyewe unatakiwa ukate unywele! Ukiupitisha juu ya chembe nene namna hiyo, makali yatatoka na meno, na kidevu kitachanika. Jiwe la wembe lazima litokane na kitu laini zaidi, kama tope au majivu ya volkano yaliyotulia chini ya maji, yakabanwa mpaka yakawa mwamba.

Ndiyo maana mawe hayo yalitafutwa mbali. Huko Ubelgiji, karibu na Vielsalm, walichimba jiwe la manjano lililojaa vijiwe vyekundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mara nyingi lilikaa juu ya tabaka jingine la buluu iliyoiva. Jimbo la Arkansas, Marekani, lina jiwe gumu linalopitisha mwanga kwenye kingo zake. Kisha mwaka 1903 kampuni ya Mmarekani King Camp Gillette ikaanza kuuza nyembe za kutumia na kutupa, na polepole vinyozi wakayaweka mawe yao kando.

Ukipata jiwe kuukuu, lisome kabla ya kuligusa kwa msasa. Lililolika katikati lilinoa panga. Lenye mifereji myembamba lilitumika kuchongea ncha za sindano au mikuki. La wembe ni dogo, na uso wake umebaki karibu bapa, kwa sababu wembe hulazwa ubavu, mgongo na makali vikigusa pamoja. Tazama pia ubavu wa jiwe: ukiona punje za ukubwa mmoja tupu na pembe zilizonyooka kama za tofali, labda rangi mbili zilizobandikwa, basi hilo limetoka kiwandani. Mawe hayo yalianza baada ya Edward Acheson kugundua namna ya kutengeneza unga mgumu wa kuyaundia mwaka 1891. Kisha dondosha maji juu ya jiwe. Mwamba wa mchanga mara nyingi huyanywa upesi. Lile la Arkansas huyaacha yakae juu. Dondosha na maji ya limau: likitoa mapovu ni chokaa, halitakufaa.

Kulifufua kunataka subira. Lisugue kwa brashi, sabuni na maji ya vuguvugu. Kama limekuwa jeusi kwa mafuta ya zamani, liloweke kwenye maji ya sabuni siku kadhaa, ukiyabadilisha. Usilichemshe hata kidogo, linaweza kupasuka mbele ya macho yako. Halafu chora mistari ya penseli juu ya uso wote, ulaze msasa wa maji juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka, ulisugue jiwe hapo. Palipobaki penseli ndipo palipozama. Endelea mpaka mistari yote iishe, kisha lainisha kingo ili zisimeguke na kuukwaruza wembe. Maji yasikauke wakati wote huo, kwani vumbi la mawe haya likivutwa huharibu mapafu. Jaribuni kwanza kwa kisu cha jikoni; wembe mwachieni mtu mzima.

Lakini si kila jiwe linasawazishwa. Bonde la jiwe la bibi ni kumbukumbu ya mikono yake, nami nisingeliondoa ili nipate kinoo kimoja zaidi. Na jiwe lenye mifereji mkilikuta shambani, kwenye mwamba, au karibu na mabonge ya taka za chuma, liacheni papo hapo. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kitu kilichotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863 kinalindwa na nchi. Andikeni mlipolikuta, chukueni picha, mwambieni mwalimu au afisa utamaduni wa halmashauri, na msilioshe.