Sheria za Ushindani na Simu ya Mvuvi

Wavuvi wa Katwe na Kayanja, wilayani Kasese, wajua vema kwamba Ziwa Edward lina mpaka usioonekana. Sehemu kubwa ya ziwa hilo imo Kongo na sehemu ndogo imo Uganda, wala hakuna uzio majini. Mtumbwi ukisukumwa na upepo usiku, mvuvi aweza kujikuta mikononi mwa askari wa nchi ya pili. Mwezi wa Julai 2018 mambo yalifikia hata majeshi ya pande mbili kupambana ziwani humo. Kwa hiyo programu ya simu inayoonyesha ramani ya maji si anasa kwa jamaa za wavuvi, wala kwa askari walindao ziwa.

Simu hupokea ishara za setilaiti bila malipo, hata mahali pasipo na mtandao. Lakini ramani hutoka katika programu, na programu hupatikana katika duka la simuni. Simu nyingi zinazouzwa Kasese na Bwera hutumia mfumo wa Android, ambao duka lake kuu ni la Google; simu za Apple zina duka la Apple. Kwa miaka mingi wenye maduka hayo wamekuwa wakitoza watengenezaji wa programu ada ya asilimia 15 hadi 30. Ikiwa ramani yauzwa shilingi 10,000, basi shilingi 1,500 hadi 3,000 huchukuliwa na mwenye duka. Mzigo huo mwishowe humwangukia mvuvi.

Hapo ndipo sheria za kuzuia ukiritimba zinapoingia. Nchini Marekani, mwezi wa Desemba 2023, baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba Google imehodhi biashara ya duka lake kinyume cha sheria. Mwezi wa Aprili 2025 jaji mwingine aliamuru Apple iache kuwazuia watengenezaji kuwaelekeza wateja mahali pengine pa kulipia. Kesi zote mbili zilifunguliwa na kampuni ya michezo, Epic Games, lakini faida yake yaweza kumfikia hata mchoraji wa ramani za maziwa.

Uganda nayo haikulala. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba MTN ilizuia ushindani wa kampuni ndogo ya Ezee Money katika biashara ya fedha za simu, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 2.3. Kisha ikatungwa Sheria ya Ushindani ya 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024 chini ya Wizara ya Biashara. Tena Uganda na Kongo zote ni wanachama wa COMESA, yenye chombo cha kusimamia ushindani mjini Lilongwe, Malawi. Hivyo kijana wa Bwera akitengeneza ramani ya kuuzwa pande zote mbili za mpaka wa Mpondwe, anayo milango ya kupeleka malalamiko yake.

Wako wasemao kwamba manahodha wengi huenda mrama na chombo: duka moja kubwa hukagua programu na kuzuia zile za wezi. Neno hilo lina ukweli. Ramani ya uongo majini ni hatari kuliko kukosa ramani. Lakini ulinzi ni kazi moja, na kumfungia njia mshindani ni kazi nyingine. Sheria njema hutenganisha mambo hayo mawili.

Wakati mashauri hayo yakiendelea, jamaa zikumbuke mambo manne. Ramani ihifadhiwe simuni kabla ya kuondoka pwani. Bei ilinganishwe kabla ya kulipa. Simu itiwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Na jaketi la kuokoa maisha livaliwe daima, kwa maana hakuna hukumu ya mahakama iwezayo kumwelesha mtu ziwani.