Fahamu: Mkataba uliosainiwa Mexico unamhusu vipi mkazi wa Mtowisa?

Mkazi wa Mtowisa, katika bonde la Ziwa Rukwa, akiombwa "chochote" ili apate huduma iliyo haki yake, huenda akaiona mikataba ya Umoja wa Mataifa kuwa habari za wakubwa. Sivyo.

Desemba 2003, jijini Mérida, Mexico, Tanzania ilitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ikauridhia 2005. Umoja wa Afrika nao ulipitisha wake Maputo, Julai 2003. Mkataba hauna polisi. Meno yake ni sheria za nchi. Kwetu ni Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, iliyounda Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU). Mtoaji na mpokeaji wote wana hatia, na rushwa ya ngono ni jinai.

Ushirikiano wa mataifa huhitajika zaidi fedha zinapovuka mipaka. Chukua sakata la rada iliyouzwa kwa Tanzania. Mwaka 2010, mahakamani London, kampuni ya BAE Systems ilikiri kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za mauzo hayo, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ni jambo jema, ila inauma kwamba kampuni haikutiwa hatiani kwa rushwa yenyewe.

Ukiombwa rushwa, piga namba 113 ya TAKUKURU, bure. Tangu 2015 ipo pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.