Guiuan, mji unaopokea Pasifiki

Mji wa Guiuan uko kwenye ncha ya kusini mashariki ya kisiwa cha Samar, Ufilipino. Wenyeji huzungumza Kiwaray, na wengi huishi kwa uvuvi na minazi. Kwa mji mdogo namna hii, historia imeutaja mno, na chanzo ni mahali ulipokaa: mashariki yake hakuna kitu ila Pasifiki.

Machi 1521 Ferdinand Magellan alitia nanga Homonhon, kisiwa kilicho chini ya Guiuan hadi leo, mabaharia wake wakiwa hoi kwa njaa na kiseyeye. Antonio Pigafetta, aliyeandika habari za safari ile, anasimulia kuwa watu wa kisiwa jirani cha Suluan waliwaletea samaki, ndizi, nazi na tembo la mnazi. Vitabu vingi husema Magellan aliivumbua Ufilipino. Kwa ushahidi huo, naona Ufilipino ndiyo iliyomwokoa.

Wahispania waliacha kanisa lenye kuta nene, ndani limepambwa kwa makombe ya baharini. Wamarekani, kwenye Vita Kuu ya Pili, waliacha uwanja wa ndege.

Mwaka 1949 wakaja Warusi. Walikuwa wamekimbia mapinduzi ya Wabolsheviki na kuhamia China. Majeshi ya Mao yalipoikaribia Shanghai, ikawabidi wakimbie tena. Nchi nyingi ziliwafungia milango. Ufilipino, iliyopata uhuru mwaka 1946 na bado ikiuguza majeraha ya vita, iliwapokea zaidi ya 5,000 katika Tubabao, kisiwa kidogo cha Guiuan. Waliambiwa watakaa miezi minne. Baadhi walikaa kwenye mahema zaidi ya miaka miwili, kabla ya kupata makazi Marekani, Australia na kwingineko.

Alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2013 tufani Haiyan, Wafilipino huiita Yolanda, iligusa nchi kavu kwanza hapo Guiuan. Wataalamu wa Marekani walikadiria upepo wake kuwa kilomita 315 kwa saa. Paa la kanisa lilichukuliwa. Ndege za misaada zikatua kwenye uwanja ule wa ndege ulioachwa na Wamarekani.

Hata hivyo, vifo vingi zaidi vilitokea Tacloban, magharibi zaidi. Mji huo uko mwisho wa ghuba yenye kina kifupi inayozidi kuwa nyembamba. Maji yaliyosukumwa na upepo yalibanwa humo, yakapanda, yakaingia majumbani.