Fahamu: Simu inavyoweza kufikisha kero za mtaa komini

Mtaro umeziba Kikula: mkaaji amwambie nani? Jiji la Likasi, nchini Kongo (DRC), lina komini nne, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, na kila moja ina burugumesta wake, kiongozi wa komini anayepaswa kuambiwa.

Simu inaweza kufupisha njia ya kumfikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, jimbo la Kivu Kusini lilijaribu kutumia simu hivyo kwa msaada wa Benki ya Dunia: wakaaji waliitwa kwa ujumbe mfupi kwenye mikutano ya bajeti, wakachagua kazi za kutangulizwa, kisha wakatangaziwa matokeo.

Ujumbe mzuri wa kero hutaja avenyu, tatizo na siku lilipoanza. Komini nayo inapaswa kujibu. Kero za maji zipelekwe Regideso, za umeme SNEL.