Mto Uunganishao Ziwa Victoria na Ziwa Albert

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima huko Nyakanazi, ikunjueni ramani yenu, mtazame juu, upande wa kaskazini. Leo tutajifunza habari za mto uunganishao maziwa mawili makubwa, Victoria na Albert. Mto huo ni Naili. Uko Uganda, mbali nasi, lakini mambo yake yatuhusu.

Kwanza tufuate maji. Sehemu ya mvua inyeshayo Ngara huingia mto Ruvubu. Karibu na Rusumo, Ruvubu hukutana na Nyabarongo, na maji hayo huwa mto Kagera. Kagera ni mkubwa kupita mito yote iingiayo Ziwa Victoria. Hata hivyo, maji mengi zaidi ya ziwa ni mvua iliyonyesha juu ya ziwa lenyewe.

Sasa shikeni neno hili: milango ya kuingilia ni mingi, mlango wa kutokea ni mmoja tu. Maji mengi huwa mvuke kwa joto la jua. Mengine hutoka Jinja, na hapo ndipo Naili huanza safari.

Kutoka Jinja mto huenda kaskazini, hupita Ziwa Kyoga lenye mafunjo mengi, kisha hufika Karuma na kugeuka magharibi. Penye maporomoko ya Murchison miamba huubana mpaka upana wa mita 7 hivi, nao huanguka mita 40 na zaidi. Mwishowe huingia Ziwa Albert polepole. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari; wa Albert, mita 620 hivi. Basi maji huteremka zaidi ya mita 500. Nguvu ya mteremko huo huendesha mitambo ya umeme. Bwawa la kwanza lilifunguliwa Jinja mwaka 1954.

Je, mvua zikizidi? Maji huingia upesi kuliko yatokavyo, kama pipa lenye tundu dogo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilipanda tena, likaingia nyumba na mashamba ya ufukoni. Hata milango ya bwawa ikifunguliwa yote, ziwa kubwa namna hii halishuki kwa siku moja.

Wengi wenu mna jamaa wavuao na kulima kando ya ziwa, Chato na Muleba. Waambieni wasijenge karibu na maji kwa sababu tu miaka michache imepita pakavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa likirudi, hudai mahali pake.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Maji ya Ruvubu hupita wapi mpaka kufika Ziwa Albert?
2. Kwa nini Ziwa Victoria hukawia kushuka baada ya mvua kubwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.