Karata za mpakani na hadithi za ziwa

WAENDESHA boda boda wa Busia wanaposubiri abiria, karata hazikosi. Juzi, karibu na kituo cha mpakani, niliona seti iliyonishangaza: malkia ana mkia wa samaki, mfalme ni mzee wa baharini mwenye mkuki wa ncha tatu, na kila ree imezungukwa na mawimbi.

Vijana hawakujali michoro. Walikuwa wakizozania sheria. Wa upande wa Uganda alicheza matatu, ambapo saba ya aina iliyofunuliwa hukata mchezo. Wa Kenya alishikilia kuwa sharti mtu atangaze "niko kadi" kabla ya kumaliza.

Mimi nilikumbuka Mombasa, nilikosomea ukimbizini miaka ya 80. Huko nilijifunza kopa, uru, shupaza na pau. Majina hayo yana asili ya Kireno, sawa na neno karata lenyewe. Yaliletwa na mabaharia waliofuata njia ya Vasco da Gama, aliyefika pwani yetu mwaka 1498.

Niliporudi Tororo kufundisha, niligundua wanafunzi wanamjua nguva wa filamu za Kizungu, lakini hawajui simulizi za ziwa lililo wilaya jirani. Basi tulikata maboksi, tukachora karata zetu. Mfalme akawa Mukasa, mungu wa ziwa wa Waganda, aliyekuwa na hekalu kisiwani Bubembe, Ssese. Malkia akawa mwanamke aliyevuliwa na Nyamgondho, mvuvi maskini wa Gwassi. Alimtajirisha kwa ng'ombe, na alipotukanwa akarudi majini na mifugo yote. Joka nalo tulilichora joka kwelikweli: Lukwata, dubwana la ziwani.

Mama mmoja alifika shuleni amekasirika. "Mwalimu, mbona wamfunza mwanangu kamari?"

Sikumlaumu. Karata za pesa zimevunja nyumba nyingi. Nilimwomba amwulize mtoto habari za malkia. Mtoto akasimulia mwanzo hadi mwisho. Mama akatikisa kichwa: "Umesahau. Nyamgondho aligeuka mti pale ufuoni."

Tulikubaliana karata zibaki darasani, na senti isiguse meza. Tangu hapo watoto huja na hadithi walizopewa na nyanya zao.

Ghulamu bado hana sura. Msomaji mwenye simulizi ya ziwa inayomfaa, tunamsubiri.