Ilimba ya Mgogo na Ufundi wa Metali

Hivi karibuni nilikuwa Gulwe, wilayani Mpwapwa. Karibu na stesheni kijana mmoja alinipa simu nisikilize Dream Theater, bendi ya metali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1985. Magitaa yalinguruma, mapigo yakihesabiwa mara saba, mara tano. "Mzee, huu ndio muziki wa mafundi," akasema. "Wetu ni wa kuchezea watalii."

La kwanza nilimkubalia. La pili ndilo lililonileta leo mbele ya kipaza sauti.

Tumwangalie marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, mkoani Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Ilimba zake kubwa zilikuwa na vyuma vingi, na vingine havikupigwa kamwe. Vilikaa pale ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Kwenye tundu la kasha la ilimba hubandikwa utando wa buibui, sauti itoke na mkwaruzo. Mpiga gitaa la metali huutafuta mkwaruzo kama huo kwa umeme.

Kuna na jambo la ndani zaidi. Ukipiga uzi mmoja wa zeze, ndani ya sauti ile nene zimejificha sauti nyembamba. Wagogo wamejenga ngazi yao ya sauti tano juu ya hizo. Mojawapo huangukia katikati ya noti mbili za kinanda. Asiyejua hudhani mwimbaji amekosea.

Walioelewa walimfuata. Real World, kampuni ya Peter Gabriel wa Uingereza, ilitoa albamu ya Zawose iitwayo Chibite mwaka 1996. Mwaka 2002 ikaja Assembly, aliyoshirikiana na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Mwaka 2024 bintiye Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa Maisha.

Hatari iko hapa nyumbani. Ilimba ikiingia studio, mara nyingi hulazimishwa ifuate kinanda. Vyuma vinasogezwa, ile sauti ya katikati inapotea, na mtoto wa Gulwe hataijua tena.

Ndugu fundi wa studio, kabla hujamwambia mpiga ilimba kwamba amekosea, zima kinanda, kisha utege sikio.

Hadi juma lijalo, kwaherini.